Barua ya Wazi: Jina la Sidi Mubarak Bombay Lifike Dowlish Wake

Kwa Waheshimiwa Mabalozi wa Tanzania na Uganda mjini London,
Kwa Wazee wa Kanisa la Mtakatifu Andrea, Dowlish Wake,
Kwa Halmashauri ya Somerset.

YAH: OMBI LA KUWEKA MAELEZO YA KISWAHILI KATIKA KIJIJI CHA DOWLISH WAKE KABLA YA TAREHE 4 MEI 2027

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ombi langu lenyewe linahusu Kiswahili: kibao cha kumtaja Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani wa mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Tafsiri ya Kiingereza nimeiambatisha kwa ajili ya wazee wa kanisa na halmashauri. Mimi ni mzaliwa wa Nassa, kando ya Ziwa Nyanza, katika ule mkono wa ziwa ambao ramani za shule zinauita Ghuba ya Speke, na kwa miaka kumi na miwili sasa ninaishi Bristol nikifanya kazi ya uuguzi. Jina la Speke nililijua nikiwa darasa la nne, kabla sijajua jina la babu wa babu yangu. Hata hivyo, sikuwa nimejua kaburi lake liko wapi mpaka Septemba iliyopita, mgonjwa mmoja aliponiuliza nimetoka sehemu gani ya Tanzania, na nilipomtajia ghuba ile akaniambia kwamba mwenye jina hilo amelala katika kijiji cha Somerset, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka wodini kwetu.

Nilikwenda wiki iliyofuata. Dowlish Wake ni kijiji cha watu wapatao 300, kiasi cha kilomita tatu kusini mwa mji mdogo wa Ilminster, na njia ya kufika huko nilitembea kwa miguu kati ya vichaka vilivyopandwa kuwa ua wa mashamba. Nyumba zake nyingi ni za jiwe la rangi ya asali linalochimbwa katika kilima cha Ham, si mbali na hapo, na baadhi zimeezekwa kwa nyasi kwa ustadi ambao ungemfurahisha fundi yeyote wa Usukuma. Katika ghala la zamani, la karne ya 16, familia moja imekuwa ikikamua matufaha na kutengeneza pombe yake tangu 1920, na siku niliyopita hewa yote ya pale ilikuwa inanukia matufaha yaliyoiva. Katikati ya kijiji kijito kinakatiza barabara, magari yanapita ndani ya maji, na pembeni yake limesimama daraja jembamba la mawe ambalo zamani lilipitiwa na farasi wa mizigo.

Naomba mniruhusu nikae kidogo juu ya daraja hilo, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike barua hii. Madaraja ya aina hiyo yalijengwa membamba na kwa kawaida kuta zake za pembeni hufanywa fupi, ili mizigo inayoning'inia ubavuni mwa farasi isigonge mawe. Aliyelijenga alimfikiria mbebaji, akapima upana wa mzigo, akapunguza ukuta. Nilipoweka mkono juu ya jiwe lake nilikumbuka kwamba huku kwetu, katika njia ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, farasi na punda hawakudumu kwa sababu ya mbung'o, na kwamba vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba vilivyoigharimia safari ya Speke vilikwenda bara juu ya mabega na vichwa vya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na ulibebwa kutoka kambi hadi kambi kwa miezi. Farasi wa Somerset wameachiwa daraja linalotunzwa mpaka leo. Wapagazi wetu hawana hata jiwe moja katika kijiji ambacho heshima yake kubwa imetokana na safari waliyoibeba wao.

Kanisa la Mtakatifu Andrea limesimama juu kidogo ya nyumba za kijiji. Ndani yake wamelala watu wa kale wa ukoo wa Wake, uliokipa kijiji nusu ya jina lake, na wa ukoo wa Speke uliokuja baadaye. Kumbukumbu ya John Hanning Speke ni ya marumaru, na sanamu yake ya kichwa na mabega inamwonyesha na ndevu zake ndefu kama tulivyomzoea katika vitabu vya shule. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, na alifariki tarehe 15 Septemba 1864 akiwa na umri wa miaka 37, baada ya bunduki yake kumpiga alipokuwa akiruka ukuta wa mawe katika shamba la jamaa yake huko Neston, Wiltshire, siku moja tu kabla ya kukutana na Richard Burton, mwenzake wa safari ya kwanza, mjini Bath kujadiliana mbele ya watu juu ya chanzo cha Nile. Walioletwa na msiba huo hadi kijijini hapo ni pamoja na David Livingstone na James Grant, mwenzake wa safari ya pili. Baadaye ufalme uliiruhusu familia yake kuweka mamba na kiboko katika nembo yao kwa heshima ya Nile.

Nilisimama mbele ya marumaru hiyo muda mrefu. Sikuwa na hasira. Nilihisi kama mtu aliyefika kwenye msiba wa jirani na kukuta kwamba ndugu zake mwenyewe waliofia safari hiyo hiyo hawakutajwa katika maombi.

Waheshimiwa Mabalozi, ninyi mnaifahamu historia hii, lakini wazee wa kanisa watakaosoma tafsiri huenda wasiifahamu, kwa hiyo nitaieleza. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, aliyezaliwa mnamo 1820 upande wa kusini, jirani na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, na akakaa huko miaka mingi hadi bwana wake alipofariki na yeye akawa huru. Jina la Bombay alilipata kutokana na mji huo wa ugenini. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Alirudi Zanzibar, akajiunga na askari wa Sultani, na mwanzoni mwa 1857 alikuwa katika ngome ndogo ya Chogwe, katika bonde la mto Pangani, Burton na Speke walipopita na kumchukua. Tangu siku hiyo alikuwa mdomo wa Speke. Wao wawili walizungumza Kihindustani, lugha ambayo mmoja aliipata jeshini na mwingine utumwani, kisha Bombay aliyageuza maneno kuwa Kiswahili mbele ya watemi, wafanyabiashara na wapagazi wenyewe.

Alikuwa macho yake pia, na hilo si fumbo. Walipolifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858, Speke alikuwa ameugua macho kiasi kwamba maji yale makubwa hakuweza kuyaona sawasawa. Miezi michache baadaye Burton alibaki Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, na Speke akaenda kaskazini akiwa na Bombay, akifuata habari walizopewa na mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Snay bin Amir, kwamba huko kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Tarehe 3 Agosti 1858 walilitazama kutoka juu ya kilima karibu na Mwanza. Wasukuma walikuwa wakilivua kila siku na kuliita Nyanza. Waganda waliliita Nnalubaale, na Wajaluo Nam Lolwe. Speke aliongeza jina la malkia wake.

Mwaka 1860 alirudi na Grant, na Bombay alikuwa nao tena. Walipita Karagwe kwa Mukama Rumanyika, wakakaa Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali ambapo mto unatoka ziwani, pale Jinja, kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon na ambayo leo yamefunikwa na maji tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Kutoka hapo walishuka na mto hadi Gondokoro na hatimaye Misri. Wengi wa walioanza nao pwani walikuwa wametoroka, wameugua au wamekufa. Wachache waliofika mwisho walirudishwa Zanzibar kwa njia ya bahari, na Bombay hakupumzika: mwaka 1871 alikuwa kiongozi katika msafara wa Stanley uliomtafuta Livingstone, na kati ya 1873 na 1875 alivuka bara zima pamoja na mpelelezi mwingine Mwingereza, Cameron, kutoka Bagamoyo hadi Benguela kwenye Atlantiki. Chama cha Kijiografia cha Kifalme kilimpa nishani ya fedha na baadaye malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Wenzake nao wana majina, na majina hayo yamehifadhiwa kwa sababu Stanley aliwatafuta Zanzibar na kuwaajiri upya kama watu waaminifu wa Speke: Mabruki, Uledi, Ulimwengu, Baruti, Ambari. Mzungumzaji wa Kiswahili akiyasikia atayatambua mara moja kuwa ni majina ya utumwani, majina ambayo mtu alipewa na aliyemnunua, lakini ndiyo yaliyobaki, na mtu hawezi kuombewa bila kutajwa.

Sitaficha upande mwingine. Speke mwenyewe aliandika kwamba alimpiga Bombay kwa ngumi, na Stanley alipokutana naye miaka kadhaa baadaye aliona pengo la meno ya mbele. Zaidi ya hapo, ni Speke aliyeandika katika kitabu chake cha 1863 nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, walio bora kuliko wakulima waliowatawala, na nadharia hiyo ilichukuliwa na wakoloni na wanasiasa waliokuja baadaye hadi ikawa sumu iliyoua watu Rwanda na Burundi. Nimewauguza hapa Bristol watu waliopoteza ndugu zao mwaka 1994. Kwa hiyo sina haja ya kumpamba marehemu, na wala siwaombi watu wa Dowlish Wake wamwombee radhi kwa mambo ambayo wao hawakuyatenda.

Siombi pia kitu chochote kiondolewe. Ninaishi katika mji ambao Juni 2020 sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa, Edward Colston, iliangushwa na kutupwa bandarini, na nilielewa kwa nini. Lakini kaburi ni kitu kingine. Mtu amezikwa kwao, kati ya babu zake, na kwa mila zetu hakuna anayegusa kaburi la mwenzake. Ninachoomba ni nyongeza: kibao kidogo cha mbao au cha shaba, kisichozidi ukubwa wa kitabu kilichofunuliwa, kitakachowekwa karibu na kumbukumbu ya Speke au, kama wazee wa kanisa wataona si sahihi ndani, nje kando ya daraja la farasi wa mizigo, ambako kwa maoni yangu maana yake itaeleweka hata na mtoto. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza chini yake. Napendekeza maneno haya, na nitafurahi yakisahihishwa:

"Sidi Mubarak Bombay, Myao, kiongozi na mkalimani, alitembea pamoja na John Hanning Speke kutoka pwani ya Zanzibar hadi Nyanza na hadi Misri. Pamoja nao walikuwa Mabruki, Uledi, Ulimwengu, Baruti, Ambari, na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa. Walibeba kila kitu."

Najua kwamba hata kibao cha ukubwa huo hakipigiliwi tu ukutani. Kanisa la kale la Uingereza halibadilishwi bila kibali rasmi cha dayosisi, ambayo kwa Dowlish Wake ni Bath na Wells, na kabla ya hapo baraza la parokia lenyewe lazima likubali. Kibao kikiwekwa barabarani karibu na daraja, hapo ndipo Halmashauri ya Somerset inapohusika. Najua pia kwamba makanisa haya ya vijijini hayaendeshwi kwa fedha za serikali. Paa likivuja, wazee wachache waliobaki ndio wanaouza keki na kuchangishana hadi lizibwe. Haitakuwa haki kuwatwika gharama nyingine. Ndiyo maana jina la kwanza katika barua hii ni la Mabalozi wetu, si la kanisa.

Waheshimiwa Mabalozi, ninawaomba mambo yenu yawe haya. Muandikieni mchungaji na wazee wa kanisa kwa pamoja, balozi mbili kwa barua moja, kwa sababu mto na ziwa havikuuliza mpaka. Pelekeni maneno ya kibao kwa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA Dar es Salaam na BAKIZA Zanzibar yakaguliwe, maana Bombay aliishi na kufa chini ya Sultani wa Zanzibar na lugha yake ilikuwa ya huko. Ruhusuni jumuiya zetu za Watanzania na Waganda katika Uingereza zichangishe fedha; tunajua kuchangishana, tumefanya hivyo kwa misiba na harusi katika miji yote ya nchi hii, na kibao hiki si ghali kuliko kusafirisha mwili mmoja nyumbani. Kisha, kama kijiji kitaridhia, njooni wenyewe tarehe 4 Mei 2027, siku ambayo Speke atakuwa ametimiza miaka 200 tangu kuzaliwa. Siku hiyo itaangukia Jumanne. Watu watakuja kumkumbuka kwa vyovyote vile, na si vizuri wakumbuke nusu ya msafara.

Kuna mfano ambao ningependa mwongozwe nao kwa kuuepuka. Katika sakafu ya Abasia ya Westminster, kaburi la Livingstone limeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono hiyo ilikuwa ya Abdullah Susi na James Chuma na wenzao, walioubeba mwili wake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi pwani ya Bagamoyo. Mwaka 1874 Susi na Chuma waliletwa Uingereza, wakakaa katika kijiji kingine kidogo, Twywell huko Northamptonshire, kwa kasisi Horace Waller, wakimsaidia kuelewa daftari za marehemu. Walikuwa hapa kabisa, wanafahamika kwa majina, na bado jiwe likasema mikono. London nako, katika bustani ya Kensington, mnara wa mawe wa Speke unataja Victoria Nyanza na Nile na mwaka 1864, na jina la msafiri mmoja tu.

Namalizia kwa jambo lililotokea kanisani siku ile, kwa sababu wazee wa kanisa wanastahili kujua kwamba siandiki kwa kushuku ukarimu wao. Karibu na mlango palikuwa na kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama mmoja mzee aliyekuwa akibadilisha maua alinikaribisha niandike. Safu ya kwanza inauliza jina, ya pili mahali unakotoka, ya tatu ina nafasi ya neno. Mahali ninapotoka niliandika Nassa, Ghuba ya Speke, na katika nafasi ya neno nikaandika jina la Sidi Mubarak Bombay, sikuongeza kitu. Mama yule aliinama akasoma polepole, akaweka kidole juu ya neno Speke katika safu yangu, akatazama marumaru, kisha akashusha kidole hadi kwenye jina la Bombay na kuniuliza huyo ni nani. Nilimweleza tukiwa tumeketi kwenye benchi la nyuma, yeye na maji ya maua yaliyokuwa yakidondoka kwenye sketi yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniomba nimwandikie jina hilo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, ili alitamke vizuri atakapolieleza kwa wenzake, na akanifundisha njia ya mkato ya kurudi darajani.

Karatasi hiyo ninaamini bado iko kijijini. Mabalozi wakiandika, hawatamkuta mtu asiyewahi kulisikia jina hilo.

Nitakuwa tayari kufika London au Dowlish Wake siku yoyote nisiyo zamu, kueleza, kutafsiri, au kubeba chochote kitakachohitaji kubebwa.

Wenu katika utumishi,

Mzaliwa wa Nassa, Ghuba ya Speke
Bristol